Namba Isiyoshuka

Hakimu alikuwa mashine, tuelewane hapo mapema, asije mtu akaniuliza alisomea sheria wapi. Alikuwa na ukubwa wa jokofu la dukani, na wachimbaji wa uwanda wa mvuke wa Enkijape, mvuke wa kuzalishia umeme, ndio waliompa jina hilo kwa sababu hakuwa na huruma na wala hakuwa na chuki. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, saa moja asubuhi, watu tisa wa kisima namba nne walipiga foleni mbele yake wakiwa wamekunja mikono ya makoti. Kila mmoja alitoa tone moja la damu, na Hakimu akatafuta ndani yake kitu kimoja tu: protini ambayo neva za ubongo huivujisha zinapoumia. Mvuke wa chini ya ardhi hupanda na gesi yenye harufu ya yai viza, na gesi hiyo ikimzoea mtu humla ubongo polepole. Ndiyo maana sheria ilisema hakuna kuchimba bila Hakimu kuonja damu yako.

Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hakumlinganisha mtu na mwenzake. Zamani kulikuwa na jedwali la wanaume na jedwali la wanawake, watu wakagombana nani anaingia wapi, mpaka wakubwa wakachoka wakayafuta yote mawili. Hakimu alikulinganisha na damu yako mwenyewe ya siku uliyoajiriwa. Namba ikipanda zaidi ya kumi kwa mia, taa nyekundu, shuka mtamboni, na kwa kawaida mtu aliyeshuka hivyo hakupanda tena. Isipopanda hivyo, taa ya kijani, nenda kazini. Hakuuliza jina, hakuuliza kabila, hakuuliza mwanamume wala mwanamke. Watu walimpenda kwa hilo, na walikuwa na haki ya kumpenda.

Aliyemhudumia ni Zipora Nasieku, mama wa miaka hamsini na miwili, mkali kwa mambo ya usafi, mwenye mazoea ya kusema na vichupa vya damu kama mtu anayesema na kuku wake. Wachimbaji walimwita Daktari. Kila mara aliwakumbusha kwamba yeye ni fundi wa maabara, na kila mara hawakusikia.

Siku ya Alhamisi Zipora alikuwa na kazi nyingine, na hiyo hakumsimulia mtu. Katika chumba cha nyuma cha zahanati moja mjini aliwatoa damu wanawake kumi na wawili ambao walipozaliwa waliandikwa wavulana. Wote walikuwa wameanza tiba ya homoni karibu wakati mmoja, na chuo kikuu kilitaka kujua kama homoni hizo hubadilisha protini ileile ya ubongo katika damu. Wanawake walikubali kufuatwa mwaka mzima kwa sharti kwamba majina yao yasivuke kizingiti cha chumba kile. Zipora aliapa na kutia sahihi, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kanisa, aliapa tena kimoyomoyo.

Mmoja wa wale kumi na wawili alikuwa Sabina Nelima. Jumanne Sabina alikuwa wa nne kwenye foleni ya kisima namba nne, akisalimia kwa kutikisa kichwa kama watu wasiojuana. Alhamisi aliingia kwa mlango wa nyuma, akavua viatu vya kazi, akacheka kwa sauti na kuuliza habari za magoti ya Zipora. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na Zipora alikuwa kata iliyokaa kimya.

*

Mwezi wa nane wa utafiti, Zipora aliketi na karatasi ya matokeo na kikombe cha uji, akaanza kusoma kutoka juu. Namba zilikuwa zimeshuka. Huyu kwa kumi na tatu kwa mia, yule kwa kumi na saba, mwingine kumi na tano. Mtafiti mkuu alikuwa amemweleza mapema kwamba zikishuka asishangilie na zikipanda asilie, kwa sababu homoni hupanga upya mwili mzima, misuli, mafuta, hata maji ya damu, na protini hufuata mpango huo. Hakuna aliyekuwa mgonjwa. Majaribio yao ya kumbukumbu yalikuwa kama ya mwanzo. Damu yao ilikuwa imepata kiwango chake kipya, basi.

Kumi na mmoja walishuka. Sabina hakushuka hata moja.

Kwanza Zipora alimshuku kwamba hatumii dawa. Akapima homoni zenyewe, akakuta ziko vizuri kuliko za wengi. Akashuku kipimo, akarudia mara tatu, uji ukapoa ukatanda ngozi. Namba ya Sabina ilikuwa imesimama palepale pa siku ya kwanza. Kwa Hakimu huyo alikuwa mtu mwenye afya kamili, taa ya kijani, nenda kazini. Lakini Zipora alikuwa na namba za wale wengine kumi na mmoja mbele yake, na ukimlinganisha na hao, mtu aliyesimama palepale alikuwa amepanda. Homoni zilimshusha kwa kumi na tano, na kitu kingine kikampandisha kwa kumi na tano, na viwili hivyo vikafutana. Hakimu aliona bahari shwari.

"Mungu wangu," Zipora akaviambia vichupa, "huyu mtoto anaumia na sisi tunamwashia kijani."

Kesho yake alifungua orodha ya wachimbaji, jambo ambalo hakupaswa kulifanya akiwa na karatasi ya zahanati kichwani, na alijua. Akaangalia wale wanaume wanane wa kisima namba nne. Mmoja alikuwa amepanda kwa sita, mwingine kwa nane, mwingine kwa tano. Hakuna aliyefika kumi. Kila mmoja peke yake alikuwa salama, ila wote walielekea upande mmoja kama mbuzi waliosikia harufu ya chumvi.

Alikwenda kwa Injinia Mugambi, msimamizi wa uwanda. Sitaki mtu amchukie Mugambi. Alikuwa mtu wa haki, ila haki yake ilihitaji taa nyekundu. Alimsikiliza hadi mwisho, akamwonyesha kwenye skrini kitambuzi cha gesi cha kisima namba nne, kile ambacho wachimbaji walikiita Pua, kikisoma sifuri miezi yote minane. Alisema kisima kikisimama wilaya mbili zinakosa umeme, na hawezi kuzima taa za hospitali kwa sababu ya namba ndogondogo.

"Niletee mtu mmoja aliyevuka mpaka, mama," akasema. "Mmoja tu, nitafunga leo hii."

Zipora alikuwa naye. Alikuwa na jina lake, na namba yake, na kiapo.

Akarudi maabara akaketi mbele ya Hakimu, na hapo ndipo shetani alipomjia, tena akiwa amevaa koti jeupe. Kulikuwa na njia. Angeweza kuingia kwenye kumbukumbu ya Sabina, aifute damu ya kwanza, aweke pale namba ambayo Sabina alistahili kuwa nayo sasa. Hakimu angewasha nyekundu bila kuuliza kwa nini. Kisima kingefungwa, wanaume wangeokoka, na siri ingebaki siri. Ila Sabina angeandikwa mtu mwenye ubongo ulioharibika, ashushwe mtamboni maisha yake yote, bila kujua ni mkono wa nani. Zipora alikaa na kidole juu ya kitufe kwa muda mrefu kuliko alivyokuja kukiri baadaye. Kilichomzuia hakikuwa kiapo. Alijiuliza angemtazamaje yule msichana Alhamisi akivua viatu mlangoni, akaona hataweza.

*

Jumamosi mchana alikwenda nyumbani kwa Sabina. Alimkuta uani akisugua viatu vya kazi, kitambaa cha maua kichwani, redio ikiongea peke yake. Sabina alimwona tu akajua, kwa sababu Zipora hakuwahi kufika pale.

Alimweleza yote, pamoja na kidole na kitufe. Sabina aliweka brashi chini.

"Kwa hivyo dawa ndiyo inanimaliza?"

"Hapana, mwanangu. Dawa ndiyo imetuonyesha. Bila dawa ungekuwa umepanda kidogo kidogo kama wenzako, na mimi nisingejua kitu."

Machozi yakamtoka Sabina bila sauti. Kumbe alikuwa na maumivu ya kichwa tangu mwezi wa tatu wa dawa. Kila siku, hasa asubuhi, na mara nyingine alisahau majina ya vitu alivyovishika mkononi. Hakumwambia mtu. Alidhani ni homoni, na aliona heri kichwa kipasuke kuliko kuambiwa aziache.

"Niliogopa mtaninyang'anya, Dada Zipora. Nimezingoja miaka kumi na moja. Ningesema kichwa kinauma, mngesema basi, acha."

Zipora alihisi aibu, kwa sababu miezi minane alimuuliza habari za kichwa na Sabina akajibu salama, naye akaandika salama. Marehemu mama yake alipenda kusema kwamba mficha maradhi kilio humfichua, na Zipora siku zote aliuona msemo huo mtamu. Siku hiyo uani aliuona mchungu. Sabina hakuwa ameficha maradhi. Alikuwa amelinda uzima wake, na maradhi yakajificha nyuma yake.

Akamuuliza anakaa wapi kazini. Sabina akasema yeye ndiye wa chekeche, mahali tope la kuchimbia linaporudi kutoka chini na kuchujwa mawe. Kuna kibanda cha mabati pale. Saa nne wote tisa huingia humo kunywa chai, kwa sababu tope ni la moto na Enkijape ni baridi ya kutoboa mifupa. Huketi chini juu ya kreti, magoti yakigusana. Na Pua iko wapi? Juu, karibu na dari, ilipofungwa siku ya kwanza. Na feni ya kibanda?

Sabina akaokota brashi, akaiweka tena chini.

"Feni tuliiziba. Ilikuwa inaingiza upepo." Akafuta uso kwa kiganja. "Tuliiziba kwa gunia. Mimi ndiye niliyelishona."

Zipora akaelewa mara moja. Gesi ile ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini kama maji, na mtu akiizoea pua yake huacha kuinusa. Pua ya dari haikuiona kwa sababu haikufika juu. Watu tisa walikuwa wameketi ndani yake, wakinywa chai.

Ila Sabina alikuwa anafikiria jambo lingine. Alisimulia kwamba alipofika kisima namba nne wanaume hawakumtukana, hawakumsemesha tu. Chai walimsogezea bila kumtazama. Ndipo akaja na sindano ya magunia na uzi wa katani, akashona kifuniko kikakaa barabara, upepo ukakatika. Siku hiyo Mzee Arusei, mnyapara, alimsogezea kreti yake mwenyewe akasema kaa, binti yangu. Tangu hapo alikuwa mtu wa pale.

Zipora alimwambia kwamba inatosha. Atakwenda yeye, ataomba gunia litolewe, hatasema sababu, na Sabina ataomba kuhamishwa. Hakuna atakayejua lolote.

"Watalirudisha," Sabina akasema. "Ni baridi, na Hakimu amesema kijani. Utawaambia nini, wamwamini nani? Wanahitaji kujua kwa nini." Akachukua kiatu, akakitazama, akakirudisha. "Sitaki uwaambie wewe. Nikikubali uwaambie, nitakuwa nimesemwa. Mimi nimesemwa maisha yangu yote. Nitajisemea."

*

Jumatatu saa nne, chai ilipokuwa tayari, Sabina hakuingia kibandani. Alisimama nje kwenye baridi, Zipora kando yake, akawaomba wote watoke. Walitoka na vikombe wakinung'unika. Mzee Arusei alitoka mwisho, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi, akauliza kuna nini.

Sabina alisema kwa maneno machache. Alisema alipozaliwa aliandikwa mvulana, kwamba hakuwa mvulana siku hata moja, na kwamba miezi minane sasa anatumia homoni. Alisema wanawake wengine kama yeye wamepimwa na namba zao zimeshuka, na yake haikushuka, na kwamba hilo lina maana moja. Akaeleza gesi. Akaeleza feni. Akasema gunia alishona yeye, na kama kuna wa kulaumiwa yupo mbele yao.

Mvuke ulipiga mluzi huko nyuma kama siku zote. Ouko, kijana wa pampu ambaye alikuwa akishiriki naye mkate kila asubuhi, alimwaga chai yake chini na kuondoka bila kusema neno. Sabina alimfuata kwa macho mpaka akapotea nyuma ya matangi. Ilimuuma, nisidanganye.

Mzee Arusei alikuwa anatazama kikombe chake.

"Mimi juzi nimesahau jina la mjukuu wangu," akasema. "Wa kwanza, niliyemlea mwenyewe. Nikasema ni uzee." Akamgeukia Zipora. "Daktari, mimi nimepanda ngapi?"

"Nane, Mzee."

"Na tungeendelea mpaka lini?"

"Mpaka kumi. Na kumi ni kuchelewa."

Mzee akampa mtu kikombe chake, akaingia kibandani akiwa amebana pumzi, na wakasikia uzi wa katani ukikatika. Alitoka na gunia mkononi. Halafu akamwita mtu mwenye ngazi, Pua ikafunguliwa darini na kuteremshwa taratibu kwa kamba. Ilipofika usawa wa magoti ilianza kulia, na ilipogusa sakafu ililia kwa nguvu hata Injinia Mugambi akaja mbio kutoka ofisini, tai ikiwa begani. Hakuhitaji kuelezwa. Alisimamisha kisima kwa mkono wake mwenyewe, akapiga simu wilaya mbili akiomba radhi. Jioni hiyo aliagiza kila kisima cha Enkijape kiteremshe Pua yake mpaka chini. Visima vitatu zaidi vililia.

Zipora aliandika barua chuo kikuu akikiri kwamba alichanganya kazi mbili zisizopaswa kuonana. Walimkaripia kwa kurasa mbili, na katika ukurasa wa tatu wakamwuliza kama wangeweza kuja kujifunza jinsi alivyogundua. Wanawake wengine kumi na mmoja alikuwa amewaita tangu Jumapili na kuwaambia yote kabla hayajatokea. Mmoja alijitoa kwenye utafiti, na Zipora akamrudishia karatasi zake zote bila kumbembeleza. Kumi walibaki.

Ouko aliomba kuhamia kisima namba saba. Hakumuaga Sabina. Ila watu wa saba walisimulia kwamba siku yake ya kwanza aliingia kibandani kwao, akatazama feni iliyozibwa kwa turubai, akaing'oa turubai mbele ya mnyapara wao, na alipoulizwa nani kamfundisha hakujibu.

*

Miezi mitatu baadaye, Jumanne ya kwanza, foleni ilikuwa nje kwenye jua. Namba za wanaume zilikuwa zinarudi. Mzee Arusei alikuwa na tatu, akajigamba nayo kama mtoto aliyefaulu mtihani. Zamu ya Sabina ikafika. Hakimu alikawia kuliko kawaida, kisha akawasha taa ya manjano, ambayo Zipora mwenyewe hakuwahi kuiona ikiwaka tangu mashine ifungwe.

Namba ya Sabina ilikuwa imeshuka. Kumi na nne kwa mia.

Kumbe Hakimu alikuwa ameamriwa ashtuke kwa badiliko lolote kubwa, hata la kwenda chini, na kwa badiliko kama hilo alitoa fomu. Zipora aliisoma akiwa amesimama. Ilitaka sababu ya badiliko kwa mwandiko wa mchimbaji mwenyewe, na sahihi ya mnyapara. Bila hivyo mchimbaji hapandi mtamboni.

Sabina hakuuliza kama kuna njia nyingine. Kichwa hakikumuuma tangu mwezi uliopita, na majina ya vitu yalikuwa yamerudi mahali pake. Aliweka fomu juu ya Hakimu, akaandika akisimama, wanaume wakimsubiri bila haraka: *Mimi ni mwanamke. Natumia homoni, huu ni mwezi wa kumi na moja. Namba hii ndiyo yangu. Ilichelewa kushuka kwa sababu tulikuwa tunavuta hewa mbaya, na sasa hewa imesafishwa.*

Akampa Mzee Arusei. Mzee alivaa miwani, akaisoma neno kwa neno huku midomo ikicheza, akafika mwisho, akarudi juu akaisoma tena. Kalamu ilikuwa mkononi mwake lakini hakuandika.

"Hujasema ni nani aliyeisafisha," akasema.

"Si lazima, Mzee. Inakwenda kwenye mashine. Hakimu hasomi mambo hayo."

"Mimi nasoma."

Akamrudishia karatasi na kalamu, akangoja. Sabina alimtazama, akawatazama wale wengine, kisha akainama na kuongeza jina lake.